Wazee Jukwaani: Nani Anamdai Nani?

Kila bendi kongwe ya roki inapotangaza ziara mpya, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kwani hawa wazee hawapumziki? Huulizwa kwa mzaha, na mara nyingi na mtu ambaye hata hakuwa na mpango wa kununua tiketi. Mick Jagger ana kitukuu, ati bado anakatika kiuno mbele za watu. Si akae nyumbani anywe chai?

Mimi swali hilo silichekei tena. Chini yake kuna lingine zito zaidi, na nimelibeba kwa miaka kadhaa sasa. Mtu akizeekea jukwaani, mbele ya macho yetu, nani ana deni kwa mwenzake? Je, yeye anatudai heshima kwa kazi ya miaka hamsini au sitini? Ama ni sisi tunaomdai ile sauti ya zamani, kwa kuwa tumelipa kiingilio?

Roki niliipata kwa mjomba wangu, mpiga gitaa wa bendi za hoteli huko Pwani. Wageni walikuwa wakiomba nyimbo za kwao, basi yeye akawa ananunua kanda na kuzisikiliza usiku mpaka vidole vizishike. Kwenye kabati lake Rolling Stones, Genesis, Queen na Black Sabbath walikaa rafu moja na Les Wanyika na Them Mushrooms. Freddie Mercury alimzungumzia kama jirani wa mtaa wa pili. Na kweli, alizaliwa Unguja mwaka wa 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, akaondoka na wazazi wake mwaka wa 1964 baada ya Mapinduzi. "Huyo ni mtoto wa huku," mjomba alikuwa akisema, kisha anageuza kanda.

Nilipoenda London kusoma mwaka wa 2021, nilikwenda na orodha ya bendi. Mwanafunzi kutoka nje aliruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na saa zangu nilizifanyia katika makao ya wazee. Kazi ni ile ile kila siku: kuamsha, kuosha, kuvalisha, kulisha. Hela iliyobaki baada ya kodi ya nyumba ikaenda kwenye tiketi, za viti vya juu kabisa ambako mwanamuziki anaonekana kama njiti ya kiberiti. Kwa hiyo kuna siku niliamka nikamshika mkono mzee wa miaka 78 ili atoke kitandani, na jioni nikamtazama mwingine wa umri huo huo akikimbia mbele ya maelfu ya watu. Ukifanya hivyo mara kadhaa, unaanza kuutazama mwili wa mzee kwa jicho lingine.

Yule aliyekuwa akikimbia ni Jagger, Hyde Park, Juni 2022. Siku kadhaa kabla alikuwa amepata Covid, shoo ya Amsterdam ikaahirishwa. Miaka mitatu nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa vali ya moyo. Hayo yote hukuyaona. Ulichoona ni mtu mwembamba anayetoka ncha moja ya jukwaa hadi nyingine kama aliyetumwa dukani na anaogopa duka litafungwa. Charlie Watts, mpiga ngoma wao tangu 1963, alikuwa amefariki Agosti 2021, na Steve Jordan ndiye aliyeketi mahali pake. Keith Richards huwa anashika maiki katikati ya shoo kwa nyimbo mbili hivi, na hapo ndipo mashabiki wengi huenda kununua bia. Ndipo Jagger naye anapumua.

Nilifurahi mno, sitadanganya. Ila kuna kitu nilikisikia kwa watu walionizunguka, na kimenikaa. Walikuwa wakitajiana umri wake kama bei ya bidhaa sokoni. Sabini na nane! Unaamini? Sabini na nane! Nikawa najiuliza, tunamsifu kwa nini hasa? Sifa zetu zote zilikuwa kwa sababu haonekani mzee. Uzee wenyewe haukupata makofi hata moja. Ukimsifu mtu hivyo, umeshaweka kipimo ambacho wenzake watapimwa nacho, na wengi watashindwa. Wale niliokuwa nikiwavalisha soksi kila asubuhi walikuwa wa rika lake, na hakuna aliyewahi kuwapigia makofi kwa kufika choo.

Miezi mitatu kabla ya hapo, katika ukumbi wa O2, nilikuwa nimeona kinyume chake kabisa. Genesis walikuwa na shoo tatu za kuaga mwishoni mwa Machi 2022, na mimi nilipata tiketi ya usiku wa kwanza. Phil Collins alikuwa na miaka 71, mdogo kwa Jagger kwa zaidi ya miaka saba. Aliingia akitumia fimbo, akaketi kwenye kiti katikati ya jukwaa, na hapo ndipo alipoimbia shoo nzima. Matatizo ya mgongo na mishipa yalikuwa yameuharibu mwili wake kiasi kwamba hangeweza tena kushika vijiti vya ngoma. Kumbuka huyu aliingia Genesis mwaka wa 1970 kama mpiga ngoma. Uimbaji ulimjia baadaye, Peter Gabriel alipotoka mwaka wa 1975. Sasa nyuma ya kiti chake alikuwa ameketi mwanawe Nic, kijana wa miaka 20, akipiga ngoma zile zile ambazo baba aliziunda.

Ebu fikiria hilo kidogo. Kila pigo lililotoka nyuma yake lilikuwa pigo ambalo mikono yake iliwahi kulijua, na sasa anaweza kulisikia tu. Nyimbo zilikuwa zimeshushwa ufunguo ili aziimbe chini zaidi, na waitikiaji wawili walimsaidia pale panapopanda. Mara nyingine sauti ilikatika katikati ya neno. Hakujifanya kwamba haijakatika.

Jamaa mmoja safu ya mbele yangu alimwambia mwenzake kwamba hakulipa pesa zote hizo kuja kumtazama mgonjwa. Mimi nilikuwa nimetoka zamu asubuhi hiyo. Nilikuwa nikitazama jinsi Collins alivyokuwa akihamisha uzito kutoka nyonga moja hadi nyingine, taratibu, bila kuacha kuimba, na nilijua hiyo ni kazi ya aina gani. Kuketi wima zaidi ya saa mbili mgongo ukiwa hivyo kunachosha kuliko kukimbia.

Lakini tumpe yule jamaa haki yake, kwa sababu hoja anayo. Tiketi ni makubaliano. Ukimlipa fundi akujengee ukuta, ukuta ukapinda, hutaacha kulalamika ati kwa sababu mgongo unamuuma. Huruma haitabeba mabati. Kwa nini basi mwanamuziki apewe msamaha ambao fundi hapewi?

Nimelifikiria sana hilo, na jibu langu linaanzia kwa kile kilichouzwa. Genesis walipotangaza kwamba wanarudi, mwaka wa 2020, haikufichwa kwamba Nic ndiye atakayepiga ngoma. Hali ya Collins ilijulikana kwa yeyote aliyetaka kujua. Kilichokuwa kinauzwa ni usiku wa mwisho na watu hawa, katika miili waliyobaki nayo. Yule jamaa alinunua hicho, kisha akadai kingine. Alitaka arudishiwe mwaka wa 1986, na mwaka wa 1986 hauko katika uwezo wa Phil Collins. Nashuku hata alichokuwa akikitafuta hakikuwa cha Collins. Kilikuwa ujana wake mwenyewe, na alitaka mtu mwingine amchotee.

Kuna njia nyingine ya heshima, na ni kuacha. Neil Peart wa Rush, wale wa Kanada, alipiga shoo yake ya mwisho Los Angeles tarehe 1 Agosti 2015. Mabega na mikono vilikuwa vikimuuma, na hakutaka kupiga chini ya kiwango chake mwenyewe. Mashabiki walilia, wengine wakamwona mkaidi. Aliaga dunia Januari 2020 na hakuwa amerudi jukwaani. Peart na Collins walichukua njia zinazopingana, lakini mimi nawaweka kundi moja: kila mmoja alitazama mwili wake, akausema ukweli, kisha akaamua mwenyewe.

Kinachonisumbua ni njia ya tatu. Unajua ile ya mwanamuziki kufungua mdomo na sauti inayotoka ni ya kurekodiwa, ya miaka thelathini iliyopita. Pleibeki. Watu wengi huishambulia kama wizi, kwamba tumelipia shoo ya moja kwa moja na tumepewa kanda. Sawa, ni wizi. Ila kuna mtu mwingine anayeibiwa pale, na huyo nilimfahamu kupitia mjomba.

Nikiwa bado London, mjomba alinipigia simu usiku. Alikuwa amepita miaka sitini, bado anapiga kwenye bendi ya hoteli, lakini baridi yabisi ilikuwa imeingia vidoleni. Alijua anapiga polepole kuliko zamani. Asichojua ni kwamba kijana wa mitambo alikuwa ameishusha sauti ya gitaa lake hadi mwisho. Spika ndogo iliyokuwa miguuni pake ilikuwa ikilia kama kawaida, kwa hiyo yeye alijisikia. Wageni hawakumsikia. Walimwona mzee wa kofia nyeupe akipiga gitaa, lakini muziki waliousikia ulitoka kwa kijana wa kinanda.

Aligundua kupitia simu. Mgeni mmoja alikuwa ameweka video mtandaoni, na binti yake mjomba akamwonyesha akidhani atafurahi. Ilifika sehemu ya gitaa peke yake, ile aliyokuwa akiipenda zaidi. Vidole vinakwenda, uso umefumba macho, na hakuna sauti.

"Shikamoo mjomba," nilikuwa nimesema nilipopokea.

"Marahaba mwanangu." Akanyamaza. Kisha akanisimulia yote, bila kupandisha sauti. Mwishoni akasema, "Wangeniambia. Wallahi wangeniambia tu."

Vijana wa bendi nao walikuwa na maelezo, na si maelezo ya watu wabaya. Walisema hawakutaka kumuumiza mzee. Kumwondoa ingekuwa aibu, yeye ndiye aliyewafundisha wengi wao. Wakaona afadhali aendelee kuja, avae, apande, alipwe kama wenzake. Wageni hawapotezi kitu, mzee hapotezi kitu. Heshima imelindwa.

Ukiisikia mara ya kwanza, inaingia akilini. Nilimsimulia rafiki mmoja hapa Nairobi akasema yeye pia angefanya hivyo. Lakini hebu tuangalie mjomba alinyang'anywa nini. Kama angeambiwa, alikuwa na mambo mengi ya kuchagua. Angeweza kuacha. Angeweza kupunguza nyimbo, au kuachia vijana sehemu za haraka na yeye ashike midundo ya pole. Angeweza kufundisha. Angeweza hata kugoma na kusema nipigieni hivyo hivyo, nikikosea nikosee. Yote hayo yalikuwa yake, na yalichukuliwa na watu waliompenda, kwa kitufe kimoja. Walimwachia kiti na mshahara, wakamnyima habari ya maisha yake mwenyewe.

Kule makao ya wazee tulifunzwa jambo moja kuliko yote: humgusi mtu kabla hujamwambia unachotaka kufanya. Hata kama hasikii vizuri. Hata kama jana ulimwambia. Unasema, sasa nitakuinua, uko tayari? Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati. Baada ya muda nikaona kwamba mtu akiambiwa, mwili wake unashiriki. Anakaza mkono, anasogeza mguu. Asipoambiwa anakuwa mzigo tu, na anajua amekuwa mzigo.

Mjomba aliwaita vijana wake wiki iliyofuata. Wakakubaliana: nyimbo tatu kila usiku, za polepole, sauti ya gitaa juu kama ya kila mtu. Nyimbo nyingine akawa anaketi pembeni. Kuna usiku alikosea, na watu wakasikia. Alipiga hivyo kwa mwaka mmoja hivi, kisha siku moja akafunga gitaa lake kwenye mkoba na kusema basi. Hakuna aliyemsukuma.

Niliikumbuka hadithi yake Julai 2025. Nilikuwa nimesharudi Nairobi, na tarehe 5 Black Sabbath walikuwa wanapiga kwa mara ya mwisho pale Villa Park, Birmingham, katika mtaa wa Aston walikotoka. Tulichanga marafiki wanne tukalipia matangazo ya moja kwa moja. Ozzy Osbourne alikuwa na miaka 76 na ugonjwa wa Parkinson, jambo alilolitangaza mwenyewe mwaka wa 2020. Alitokea ameketi kwenye kiti kikubwa cheusi. Miguu haikumbeba, lakini mikono ilikuwa ikipigania kuinuka, na macho yalikuwa yale yale. Mmoja wetu akasema, "Ah, huyu ameisha."

Mwingine akamjibu, "Hujasikiza."

Nilichokipenda siku ile ni jinsi kazi ilivyopangwa. Bendi nyingine zilipiga mchana kutwa, nyingi zikiwa za watu waliokua wakimsikiliza. Ozzy aliimba nyimbo tano na wanamuziki wake, kisha nne na Sabbath. Tisa tu. Wenzake wale watatu wa mwanzo walikuwa naye, hata Bill Ward ambaye hawakuwa wamepiga pamoja kwa miaka 20. Pale sauti ilipolegea, uwanja mzima uliimba. Hakuna aliyemtaka akimbie. Siku nzima ilikuwa imejengwa kuuzunguka mwili uliopo. Siku 17 baadaye alifariki.

Kuna watakaosema wafu ndio wana bahati, kwa sababu hawazeeki. Kwenye shoo za Queen wakiwa na Adam Lambert, Freddie huonekana kwenye skrini akiwa kijana, Brian May anamwimbia na uwanja unalia machozi. Lambert husema wazi kwamba hakuja kuchukua nafasi ya Freddie, na kwa hilo namheshimu. Lakini Freddie alikufa akiwa na miaka 45, Novemba 1991. Mimi ningechukua Freddie wa miaka 75, mwenye sauti iliyokwaruza na mto wa kuegemea, kuliko ile picha. Nadhani na mjomba angesema hivyo hivyo.

Na si kwamba wazo hili ni geni kwetu. Unguja ile ile ilikuwa na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka. Hakuna aliyekuwa na uhakika na mwaka aliozaliwa. Alipofariki Aprili 2013 wengi waliamini amepita miaka mia. Alipata tuzo ya WOMEX mwaka wa 2005 akiwa tayari bibi kizee, na aliendelea kuimba taarabu na kupiga ngoma za unyago. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama mlango wa zamani, na watu walisafiri kutoka mbali kuifuata hiyo hiyo. Hakuna aliyemwambia aimbe kama msichana.

Lakini tusijisifu mapema. Sisi wa mjini tuna hilo neno jepesi, "ameisha", na tunalitupa kwenye maoni ya mitandao kabla wimbo haujafika kiitikio. Mjini hapa mtu anapaka mvi rangi kabla ya kwenda mahojiano ya kazi, mchezaji wa mpira anapunguza miaka. Tumefanya umri kuwa siri ya aibu, kisha tunashangaa wasanii wetu wakiuficha. Tena Jagger anaweza kuacha kesho na asikose kitu. Wengi wa wanamuziki wetu wa zamani wanapanda jukwaani kwa sababu ya kodi ya nyumba; mirabaha ya nyimbo ambazo nchi nzima inazijua haiwatoshi. Kwa hiyo sisi tuna deni zito kuliko yule jamaa wa O2. Ukimwambia mzee apumzike na hujawahi kulipia wimbo wake hata mmoja, unamwambia afe njaa kwa heshima.

Wikendi hii kuna mahali karibu nawe bendi ya wazee itapiga zilizopendwa, pengine kona ya baa, pengine chini ya hema. Ukienda, sogea mbele na uweke simu mfukoni. Wakishusha ufunguo, shuka nao. Mwimbaji akisahau ubeti, wewe unaujua, mwimbie. Mtunze noti kama ulivyowaona wakubwa wakifanya. Na ikitokea siku moja wewe ndiye uliye kwenye mitambo, iwe ya bendi, ya kwaya au ya biashara ya baba yako, na mkono wako uko juu ya kile kitufe, mwambie mzee kabla hujakigusa.